Kavira, Maziwa Yako Hayakuwa na Kosa

Kavira, mukamwana yangu,

Ni mimi, mama ya Kambale. Unashangaa, najua. Ulipokuwa muzima sikukuandikia hata mustari moja, na leo uko ndani ya udongo njo nakamata kalamu. Nilifika darasa la pili tu kwa mission, donc usiangalie mwandiko. Angalia maneno.

Kwanza habari za huku. Basoda bangali kwa barabara ya Beni, mais soko ya Butembo imefunguka na chumvi imerudi. Kambale alioa mwingine, hiyo uliisikia mbele ya kufa. Masika, mujukuu yangu, ameng'oka meno mbili ya mbele. Anabishana na kila mutu, hata na pastere. Hiyo alitoa kwangu, si kwako.

Sasa neno lenyewe. Wiki mbili zimepita, nilienda hospitali juu ya goti. Infirmier mumoja, muuguzi muzee, mutu wa kwenu Masereka, akasoma karatasi yangu, akauliza: "Wewe njo mama mukwe wa Kavira, yule aliyepofuka akakufa?" Nikasema ndiyo, shingo juu, kama kawaida yangu. Akasema: "Dokta alituma kuita batu ba bwana yake abaelezee ule ugonjwa. Hakuna hata mumoja alikuja." Ni kweli. Ule mujumbe nilimurudisha mimi mwenyewe, Kambale hakujua. Nikakaa. Nikamuambia, basi nielezee mimi.

Alinielezea polepole, kama mutu anafundisha mutoto, na sikukasirika. Ndani ya kichwa, chini ya ubongo, nyuma ya macho, kuko tezi moja ndogo kama mbegu ya haragi. Yenyewe inatuma amri mu damu, hizo amri banaziita homoni. Moja inaamuru kifua itoe maziwa. Zingine zinaamuru mayai ya mwanamuke na mwezi yake. Nikamuuliza: "Ni kama kapita wa shamba, anasimama mbele, anatuma batu kazi?" Akacheka, akasema: "Eee mama, ni kapita." Basi kapita wako wewe alimea uvimbe, Kavira. Akawa anapiga kelele ya kazi moja tu, maziwa, maziwa, na mutoto hakuna. Kazi zingine zote zikasimama. Njo maana mwezi yako ilikatika. Njo maana hukushika mimba. Na uvimbe ulipokomaa ulisukuma mishipa ya macho, ukawa unaona mbele tu, kando giza.

Nikamuuliza neno la mwisho: "Donc mutu anaweza kuwa na maziwa bila kuzaa?" Akasema: "Anaweza, mama. Na yeye hakuzaaka. Dokta alimupima."

Nilibaki pale kwa benchi mpaka batu ba kufagia bakaanza kupiga fagio chini ya miguu yangu.

Ile siku ya kufua nguo, unaikumbuka. Mimi nilitaka kuisahau. Ulikuwa mwaka wa pili tangu uhuru, na wewe mwaka wa pili mu nyumba yangu bila mimba. Libaya yako ikalowa kifuani, alama mbili. Nilikuvuta mukono mbele ya banamuke bote, nikafungua vifungo, nikakukamua. Nilikukamua kama mbuzi, Kavira. Maziwa yakatoka. Nikasema: "Titi hapana danganya. Mutoto uko wapi?" Ukasema: "Mama, hakuna mutoto. Hata mimi sijui." Nikasema ulizaa kwenu mbele ya kuolewa, ukatupa. Mama Biira, jirani, akaongeza: "Ebu mutazame, hata macho yake inakimbia batu." Banamuke bakacheka. Mimi pia nilicheka. Kesho yake nilikurudisha Masereka na kifurushi yako, na Kambale alisimama nyuma ya nyumba, hakufungua kinywa, juu aliniogopa.

Na wewe, mbona hukupiga kelele? Ningekuwa mimi ningeokota jiwe. Ona, nakugombeza tena. Hii kinywa haijui njia ingine.

Kisha Basimba, baasi ba vita, bakakuja. Tulikimbia Butembo, tukapanda milima, mimi na binti yangu Kanyere na tumbo yake ya miezi tisa. Akazalia njiani, mu shamba ya viazi ya mutu hatumujui. Damu haikusimama. Asubui nilikuwa na mutoto mukononi na binti yangu chini ya udongo, tulimuchimbia na jembe ya kuazima. Mutoto alilia mpaka sauti ikaisha. Nilipiga hodi nyumba kwa nyumba, benye kunyonyesha balikuwa bamekimbilia musituni. Njo nikafika kwenu.

Ulikuwa unapepeta maragi. Sikukusalimia. Nilinyosha mikono tu, mutoto juu yake. Ungeweza kuniuliza mbele ya mama yako, leo unataka maziwa gani? Ulikuwa na haki. Ulipangusa mikono kwa kikwembe, ukakaa chini, ukamukamata Masika. Siku za kwanza yalikuwa machache, ukamuongezea na uji. Alivyozidi kunyonya, yakazidi kutoka. Alinyonya kwako mpaka akasimama, mpaka akatembea.

Unafikiri aibu yangu kubwa ni ile ya kufua nguo. Hapana. Ni hii. Banamuke ba kwenu baliuliza mbele yangu: "Huyu mwenye alifukuzwa, maziwa anatoa wapi?" Nilikuwa nimekaa, nakula maragi ya mama yako. Neno moja tu lilitosha: ametuokoa, nyamazeni. Mais nilisema: "Mungu anaweza kutumia hata zambi ya mutu." Ulikuwa mulangoni, ulisikia. Ukainamisha kichwa, ukaendelea kunyonyesha.

Na vita ilipotulia nilingoja uende kuchota maji, nikamufunga Masika mugongoni, nikashuka naye. Sikukuaga. Alipokuwa na akili ya kuuliza, nilimuambia alikulia maziwa ya mbuzi. Nilimuambia hata rangi ya ile mbuzi. Na niliposikia sokoni kwamba unajigonga kwa milango, hauoni, nilisema ni malipo yako.

Jumapili hii niliomba kusema mbele ya banamuke ba kanisa. Nikabaelezea tezi, nikabaelezea kapita, bakasikiliza vizuri. Nilipofika kwa mambo ya kufua nguo nikasema: "Batu balimushitaki." Batu. Kama vile mimi nilikuwa mugeni pale. Nikakaa. Mama Biira alinitazama, akatazama chini. Nikasimama tena na hii goti, nikasema: "Si batu. Ni mimi." Nikabaambia yote, na njia, na maragi, na ule mujumbe wa dokta, na mbuzi ya uongo. Hakuna aliyeanzisha wimbo. Bamoja hawanisalimie tena. Sawa. Mimi pia nisingejisalimia.

Nyumbani nilimuambia Masika. Alikuwa anamenya viazi. Akamenya kiazi moja mpaka ikabaki kama kidole, kisha akauliza kama ulikuwa munene ao mwembamba, kama ulikuwa unaimba. Nikamuambia uliimba, chini chini, wakati wa kumulaza. Hiyo ni kweli, nilikuwa nasikiliza.

Siku ya Ijumaa kamiyo ya ule Muislamu wa Beni inapanda Masereka kutafuta vitunguu. Tutapanda ndani, mimi na Masika. Nakuahidi, nitaomba mama yako aite banamuke bale bale ba kwenu, nipige magoti mu lupango, mu kiwanja ya nyumba yake, niseme mbele yabo kwamba hukuzaaka, hukutupaka mutoto, ulikuwa mugonjwa, na Masika ako na uzima juu yako. Akinifukuza na fagio nitasimama barabarani, nitasemea kule. Siombi unisamehe. Nataka jina yako itoke mu vinywa vya batu ikiwa safi, kisha nitashuka.

Lala muzuri, Kavira. Bakupokee huko na mikono laini kuliko yangu.

Masika aliuliza, tukifika kwa kaburi, akuite namna gani. Nikamuambia, muite mama.