Nukta ya Chini Kabisa, Garissa 1966

Nuh, ukishasoma karatasi hii ichome. Nimeharibu. Askari wamemchukua mjomba Guleid, mlinzi wa kisima, na ni mimi niliyewaonyesha.

Unaikumbuka grafu yangu ya hesabu, ya kina cha maji ya kisima kila asubuhi? Walipopekua nyumba wakaikuta. Afisa akaniuliza kwa upole, "Maji yalishuka zaidi siku gani?"

Nikajibu kama niko darasani. Nikaweka kidole kwenye nukta ya chini kabisa. Alhamisi. Kidole changu, Nuh, mimi mwenyewe.

Akasema, "Basi Jumatano usiku mashifta, hao waasi, walinywesha ngamia hapa. Nani aliwafungulia?"

Wallahi sikufikiria. Ufunguo wa kisima ulikuwa kwa mjomba peke yake.

Kabla ya kuondoka naye, afisa aliweka alama ya vema kando ya ile nukta, kama mwalimu.