Methusela Ndahani: Safari Uliyoiacha Bereko

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipoegesha Kosta kando ya barabara ya Bereko, katikati ya ukungu, ukavuta breki ya mkono, ukazima injini, na hukuiwasha tena.

Kipupwe kimerudi. Upepo wa Nzuguni unaingiza vumbi mpaka kwenye vyungu. Ninayeandika ni Anitha, mwanao wa kwanza, na Mama amekaa pembeni yangu ananisahihisha. "Usimwandikie kama mtu aliyekwenda mbali," ameniambia. "Mwandikie tu."

Basi tunakuandikia.

Maisha yako yote ya kazi ulikuwa dereva wa mabasi ya abiria. Usukani ndio uliotulisha na kutusomesha. Wenzako waliendesha kwa mbwembwe. Kwako abiria walilala usingizi. Mama mjamzito akipanda, ulimtafutia kiti wewe mwenyewe kabla ya kuondoa gari, na matuta uliyavuka kama mtu aliyejitwika ndoo ya maji. Hukumpita mtu njiani bila kuinua mkono. "Mbukwenyi!" ulisalimia, hata Babati, hata Singida, kwa watu wasiojua neno la Kigogo, nao walikuitikia.

Ila Mama alikuwa nyumbani. Nchi uliiona wewe, yeye akaisikia kwa mdomo wako. Mlima Hanang ulimsimulia mpaka ukamjia ndotoni. Ulimwambia kwamba wakati wa kipupwe unaamka umejifunika wingu gubigubi, halafu wingu linateremka taratibu, na mlima unabaki wima mbele yako, mkubwa mpaka unasahau ulichotaka kusema. "Iko siku nitakupeleka," ulimwahidi. Ulisema hivyo mdogo wangu Abeli akiwa mgongoni, ukasema hivyo hivyo Abeli akiwa na watoto wake.

Ulipostaafu ndipo ukaja na ile Kosta kuukuu. Uling'oa viti vya abiria. Mudrick, fundi seremala wa Majengo, akakutengenezea kitanda na kabati. Ukafunga jiko la gesi na pipa la maji, Mama akashona mapazia. Majirani walikuja kuchungulia.

"Mzee Methusela, kwani mnahama?"

"Hatuhami," uliwajibu. "Nyumba ndiyo imetaka kutembea."

Siku ya kuondoka kwenda Hanang ulipitia Makutupora kumuaga dada yako, shangazi Evelina. Mbwa wake alikuwa amezaa shambani, chini ya mizabibu, na wewe ukatoka huko na kitoto kimoja ndani ya koti. Mama akapiga kelele.

"Baba Anitha! Huyo mbwa atalala wapi?"

"Kwenye miguu yako. Huko tuendako kuna baridi."

Kabla hamjafika Chemba mlishachoka kusimama. Mara kajisaidie, mara katapike, mara kamlilie mama yake. Ndipo ukakapa jina: Breki.

Mama anacheka kidogo anaponisimulia sehemu hii. Mlilala Kondoa. Asubuhi ulimpikia uji wa uwele, wewe uliyezoea kupikiwa, ukauunguza, na mkaunywa hivyo hivyo. Breki akatafuna kiatu chako. Uliendesha polepole, ukasimama popote Mama aliponyoosha kidole. "Niandikie hivi," ananiambia. "Siku zile nilikuwa abiria wake peke yangu, na hakuwa na haraka."

Halafu Bereko. Barabara inapanda, ukungu umeziba hata miti ya jirani. Ulisema, "Mama Anitha, ngoja nipumue kidogo." Ukaweka gari pembeni vizuri, ukawasha taa za tahadhari, ukaegemeza kichwa. Mama alidhani umesinzia. Alikufunika kitenge chake. Breki alikuwa mapajani mwako, na ndiye aliyejua kwanza. Alianza kulia, akakataa kubembelezwa.

Mama hajui kuendesha. Alishuka akasimama ndani ya ukungu akipunga mkono, na magari yakampita bila kumwona. Aliyesimama ni Athuman, kijana wa Kondoa mwenye lori la alizeti. Alipanda, akakushika mkono. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Inna lillahi," akamgeukia Mama: "Shikamoo, mama. Pole. Wewe kaa naye. Mimi nitaendesha."

Lori alimwachia utingo wake. Akakupeleka kwanza kwenye kituo cha afya, ambako walithibitisha tu alichokwisha kukiona. Kisha, sisi tulipokwisha kuongea naye kwa simu, akakurudisha Nzuguni, umelala kwenye kitanda chako mwenyewe, Mama ameketi miguuni pako. Mama anasema njia nzima Athuman hakupiga honi hata mara moja.

Tulikuzika. Watu wakatawanyika. Kosta tukaiegesha uani na kuifunga.

Haya yanayofuata tumesitasita kuyaandika, lakini Mama ameagiza yaandikwe.

Asubuhi ya baada ya matanga tulimkuta Breki ameketi mbele ya mlango wa dereva. Alikuwa ameinua uso dirishani, masikio wima, anatikisa mkia kama mbwa anayesemeshwa. Kesho yake hivyo hivyo. Na kioo cha mbele, ambacho vumbi lilikuwa limekipaka chote, kilikuwa safi upande wa usukani. Kilikuwa kimefutwa kwa ndani, kwa mviringo, kama ulivyozoea kukifuta kwa kiganja kabla ya safari.

"Ni Mama anayefuta," Abeli alisema.

"Sijafuta," Mama akajibu.

Abeli akachukua ufunguo akaenda nao kwake Majengo. Vumbi likarudi, na asubuhi nyingine upande wako ukawa safi tena. Abeli alikuja, akatazama kwa muda mrefu, akaondoka bila kunywa chai.

Ndugu wakakaa kikao. Shangazi Evelina, anayekupenda sana, alisema waitwe watu wa maombi ili upate kutulia. Wengine wakataka gari liuzwe. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akainuka mkekani.

"Huyo si mzimu," alisema. "Ni mume wangu. Hajamaliza safari yake, na mimi sijamaliza yangu. Mnamfukuza aende wapi?"

Kwa hiyo kipupwe hiki tumekwenda.

Abeli alishika usukani. Mama alikaa kiti chake cha mbele, mimi nyuma, na Breki, ambaye sasa ni jibwa zima, alijinyoosha kati yao. Pale Bereko tulisimama. Tulidhani Breki atalia. Hakulia. Aliinuka tu, akarudi nyuma kwangu, akaacha nafasi kati ya Mama na Abeli, kama anayempisha mtu.

"Dada, funga mlango," Abeli alisema. "Baridi inaingia."

"Umefungwa."

Hakugeuka. Aliwasha gari, akaendesha polepole mpaka Babati.

Katesh, chini ya Hanang, tuliukuta mlima umefunikwa wote. Kesho yake pia haukuonekana. Abeli alikumbuka kazi zake, mimi nikakumbuka wanangu, lakini Mama alisema anayetaka kurudi apande basi. Asubuhi iliyofuata tulitoka tukamkuta amekwisha kuketi nje, shuka mabegani, kikombe cha chai kimepoa mkononi. Wingu lilikuwa limeanza kushuka. Likaacha kilele, likaacha mabega, likaanguka mpaka chini mashambani, na mlima ukawa umesimama pale, Baba, karibu kuliko ulivyotuambia.

Mimi na Abeli tulisimama nyuma ya Mama. Mama alitazama. Kisha akainamisha sikio kidogo upande wake wa kulia, ambako hapakuwa na mtu, akatabasamu, akatikisa kichwa kukubali.

"Ndiyo, Baba Anitha," alisema. "Nimeuona."

Unakumbukwa na mkeo Penina, wanao Anitha na Abeli, wakwe na wajukuu zako, dada yako Evelina, majirani wa Nzuguni, madereva wenzako, na Athuman wa Kondoa, ambaye tangu siku ile kila apitapo Bereko hupunguza mwendo.

Siku zote tutakazojaliwa kuishi, Baba, hatutakusahau.