Homa Iliyopanda Mlima

Mlimani, 5 Machi 1977

Mwanangu Sebasaza,

Unisamehe, tangu Krismasi sijakuandikia. Natumaini wewe na wagonjwa wa zahanati yako hamjambo. Sisi tungekuwa wazima, kama si binti yako Kabagwira. Alirudi kutoka kwako Baraka akiruka kama ndama. Siku ya kumi na mbili homa ikamkamata. Nimefanya tunavyofanya siku zote kwa homa ya ziwa: nimemlaza penye upepo, karibu na zizi, ili baridi ya mlima iiue. Leo ni siku ya nne. Homa huondoka, hurudi. Kwa nini haikumshika huko kwenye mbu wengi?

Baba yako,
Gisaro

Baraka, 7 Machi 1977

Baba,

Nakusalimu kwa heshima, pamoja na mama. Mimi ni mzima. Mbu alimuuma hapa, kwangu. Vidudu vya homa vilikwenda kwenye ini, vikazaana humo kimya siku zile alipokuwa akiruka. Kisha vikatoka, vikaingia katika damu. Vinapasua chembe za damu kwa zamu. Ndiyo sababu homa huondoka na kurudi. Baridi haivifikii, Baba. Mwingize ndani. Mpe vidonge hivi vyote, hata akipoa. Mfunike pia: mbu akimnyonya, atavipeleka kwa mwingine. Mkojo ukiwa mweusi, au asipomtambua mama yake, mleteni mbio.

Mwanao,
Sebasaza

Mlimani, 12 Machi 1977

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na vidonge pia. Nakuandikia kosa langu bila kulipamba. Siku ya pili Kabagwira alipoa, akaomba maziwa. Nikamwamuru mkeo aweke vidonge vilivyobaki kwa ajili ya mgonjwa mwingine. Huku hakuna anayemeza dawa akiwa mzima. Leo mkojo ni mweusi kama kahawa. Kila kidonge anakitapika. Amemwita mama yake shangazi.

Kwa machela ni siku mbili hadi kwako, na mvua haikatiki. Naogopa afie njiani. Naogopa afie hapa. Tena leo ni salongo, siku ya kazi ya lazima ya serikali, na kapita, mkubwa wa kijiji, ameapa kumfunga atakayekosa kazi ya barabara. Nimewaita wazee tushauriane.

Mkeo, ambaye hajawahi kuinua sauti mbele yangu, amesimama mlangoni: «Baba, mutoto iko anakufa na ninyi munaongea tu? Nani atamubeba?» Nimemwambia anyamaze. Amekwisha kukata miti miwili. Sasa anaifungia blanketi. Wanaume watatu wameweka chini majembe ya salongo, wanamsaidia. Hawanitazami.

Nitakuandikia mara tutakapoamua.

Baba yako,
Gisaro