Disketi Haitoki, na Mie Sitoki

Tandika, Temeke
Dar es Salaam
Jumapili, baada ya alasiri

Dada yangu Somoe,

Assalaam alaikum. Barua hii isome ukiwa umeketi, maana nakujua: ukisoma umesimama unaruka mistari, halafu unalalamika kuwa sikukueleza vizuri. Keti. Mguu umepoa? Bado unaukanda kwa maji ya chumvi, au umeshachoka kama kawaida yako? Na wajukuu, surua imewaacha? Hapa kila nikimaliza kusali nawaombea mmoja mmoja, na wewe nakuombea mara mbili kwa sababu ya ule mguu.

Mie Alhamdulillah, mzima. Mvua zinanyesha, choo cha jirani kimefurika hadi uani kwetu, na umeme ni wa mgao, leo upo kesho haupo. Lakini napumua, nakula, na kazi ninayo. Hilo la kazi nalirudia ili Kaka Bakari alisikie vizuri utakapomsomea: kazi ninayo. Barua yake niliipata. Anasema mvua zikikatika atakuja kunichukua, eti mwanamke wa umri wangu aliyepunguzwa kazi shirikani hana tena anachongoja mjini. Nilitaka kumjibu siku ileile. Nikaona maneno yanayonijia si ya kumwandikia kaka yangu, nikatia udhu, nikasali, nikaacha. Sasa namjibu kupitia kwako, kwa sababu wiki hii ilibaki kidogo tu alilolisema litimie. Ngoja nikueleze.

Lile duka la Kinondoni ninalochapa ni la Mzee Mikidadi, nadhani nilishakutajia. Tunapiga chapa na kutoa fotokopi. Zamani nilikuwaga na taipureta, sasa ameleta kompyuta aliyoinunua kwa mtu aliyekuwa anafunga ofisi yake. Kila mteja anakuja na disketi yake, kibao chembamba cha plastiki kinachoenea kiganjani, ndani yake ndiyo kazi yake inakaa. Unaitumbukiza kwenye tundu la mashine, inamezwa. Sasa kuitoa ndiyo kazi. Kompyuta yetu haina kitufe cha kubonyeza disketi ikatoka. Kwenye kioo kuna picha ndogo ya disketi na picha ndogo ya pipa la taka. Unaikokota picha ya disketi kwa kile kidude cha mkononi, unaitia kwenye pipa, ndipo mashine inaitema. Usicheke. Siku ya kwanza na mie nilisema A'udhubillahi, kazi ya mtu naitia pipani!

Ikitemwa vizuri, kila kitu kimo ndani, salama. Lakini kuna siku inagoma. Unaikokota hadi pipani, inarudi ilipokuwa, na kioo kinaandika Kiingereza chake kwamba disketi haiwezi kutoka, kuna kazi bado inaitumia. Ilitokea mwezi uliopita. Mzee Mikidadi akanyoosha kibanio cha karatasi, akakichomeka kwenye kitundu kidogo pembeni, akailazimisha. Ikatoka, naam. Mwenye disketi alipoirudisha, maombi yake ya kiwanja, kurasa zote, hayasomeki. Yule bwana alitutukana mpaka wauza vitumbua wakaja kuangalia. Na nani alibeba lawama? Mimi. Mzee akanyoosha kidole: "Bi Hawa, nimevumilia. Disketi nyingine ikigoma hapa, Jumamosi yake unakabidhi funguo. Binti wa dada yangu amemaliza kozi ya kompyuta, yupo nyumbani tu." Nikamwambia nimesikia. Kusikia nilisikia. Kukubali sikukubali.

Basi Jumatano ikaja. Mwalimu Mbwambo, Mpare mmoja mrefu anayefundisha kwenye hizi shule za watu binafsi zinazofunguliwa kila mtaa, alikuwa ameniletea mitihani yake ya muhula. Asubuhi nilimwingizia masahihisho. Mchana akarudi kuchukua disketi, aipeleke mjini kwenye mashine kubwa. Nikakokota. Ikarudi. Nikakokota tena. Ikarudi. Nikasema ndiyo hii, dada, nimekwisha.

Mwalimu naye hakuwa amewahi kuona ile ya pipa. Akaruka kitini. "Mama! Unatupa mitihani yangu?"

"Situpi, mwalimu, naitoa."

"Unaitoa kwa kuitia takatakani? Kwetu hata mahindi mabovu hatuyatoi hivyo!"

Mzee Mikidadi akasikia kutoka nyuma kwenye fotokopi. Akaja, akaangalia kioo, akaniangalia mie. Akamwita fundi Saidi wa redio, banda lake lipo mbele yetu. Saidi akaja na koleo mkononi, mdomoni anatafuna muwa.

"Hii ya kuvuta tu mama, kama jino la mtoto."

"Usiiguse," nikamwambia.

"Mama, mie nimefungua redio za watu wazima."

"Fungua redio. Hii usiiguse."

Mzee akasema, "Bi Hawa, pisha." Dada, sikupisha. Nilivuta kiti nikakaa mbele ya mashine, magoti yangu yakaziba tundu lile. Nikamwambia mwezi uliopita tulivuta, tukaua kazi ya mtu. Kama mashine inasema kuna kazi inaitumia disketi, basi ipo, hata kama hatuioni. Tuitafute kwanza. Akacheka kwa hasira: "Ipo wapi? Kioo cheupe hicho, hakuna kitu!" Na kweli, kioo kilikuwa kitupu. Nilikuwa nabisha tu, nakuambia ukweli.

Akasema basi, anazima swichi ukutani kama anavyofanyaga kila jioni, tuwashe upya. Nikamshika mkono. Mwanamume wa watu, nimemshika mkono, Mungu anisamehe. Nikasema kama ni kuzima, niache niizime kwa njia yake, ile ya kuiamuru kutoka kwenye kioo. Yeye hajawahi kuitumia, anasema inachelewesha. Nikasoma Bismillahi, nikaiamuru izime.

Haikuzima. Ikajitokeza mitihani ya Mwalimu Mbwambo, kioo kizima, swali la kwanza hadi la mwisho, na chini yake inaniuliza: mabadiliko haya niyahifadhi au niyaache? Masahihisho yote ya asubuhi, dada! Yalikuwa hayajaingia kwenye disketi. Mwalimu akajitupa mbele ya kioo na koti lake, amelitandaza kwa mikono miwili. "Saidi geuka! Geuka, mtoto wako yuko darasani kwangu!" Saidi akageuka ukutani anacheka na muwa wake. Nikajibu hifadhi. Disketi ikaguna kidogo, halafu mashine yenyewe ikaitema, bila pipa, bila koleo, ikazimika. Mwalimu akaibusu. Akaondoka.

Sasa mitihani ilikuwa imejificha wapi? Hapa ndipo penyewe. Unakumbuka karatasi yangu ya talaka ilivyonifikia? Baba Tatu alikwenda kuichapisha dukani, wanaongoja zamu wakaisoma begani kwa mchapaji, na mie nikaambiwa bombani na mtu niliyekuwa hata simjui jina, ndoo kichwani. Toka siku niliyopata kazi hii nimejiwekea sharti: hakuna mtu atakayesoma mambo ya mwenzake mbele yangu. Watu wanatuletea mirathi, talaka, barua za kumwomba mwanaume amlee mtoto wake. Kwa hiyo mteja mwingine akiingia, ninaificha kazi ya wa kwanza. Mashine ina amri yake ya kuficha, unaibonyeza, kioo kinabaki cheupe. Mie nikadhani nikiificha imeondoka. Kumbe ipo palepale, imejibanza nyuma, imeishikilia disketi. Asubuhi ile aliingia mama mmoja na hati ya kiapo, nikaificha mitihani, nikamhudumia, nikaisahau. Na ile ya mwezi uliopita bila shaka ilikuwa hivyohivyo. Nikawaeleza palepale wote wawili, mzee na Saidi. Sina cha kuficha kwenye hilo, nilikuwa sijui, sasa najua.

Ungedhani yameisha. Mzee Mikidadi akasema, "Vizuri, tumejua ugonjwa. Kuanzia leo hakuna kuficha. Kazi ikae wazi mpaka iishe."

"Watu watasoma, mzee."

"Wasome! Hili duka, si chumba cha bibi harusi."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Sitaki."

Akaniangalia hivi. Akasema Jumamosi funguo zipo palepale, disketi imegoma na ahadi ni ahadi. Njia nzima hadi Tandika nilikuwa nazungumza peke yangu. Nilikuwa kama namwona Kaka Bakari amesimama na gunia la kubebea vyombo vyangu. Nikajiona niko huko, nimekaa ukumbini kwake, kila anayepita ananiuliza habari za mji kwa sauti ya kunihurumia. Nikasema hapana. Nikitolewa nitatolewa, lakini nikiwa na sharti langu mkononi.

Alhamisi nilifika mapema. Nilikuwa na doti mpya ya kanga, moja nikajifunga, nyingine nikaitandika juu ya kompyuta. Basi. Mteja akiingia nashusha kanga mbele ya kioo, namsikiliza, akitoka naipandisha. Hakuna amri ya kuficha, hakuna kinachojibanza. Nikitaka kumchapia wa pili, kazi ya wa kwanza naihifadhi, naifunga kabisa, disketi naikokota pipani inatoka, naitia kwenye bahasha yake, ndipo naanza ya pili. Alhamisi zilitoka zote. Ijumaa zilitoka zote.

Mzee alipoiona alisimama mlangoni na kofia mkononi. "Bi Hawa, kompyuta umeivisha kanga? Inaona haya?"

"Yenyewe haioni haya, mzee. Wenye barua ndio wanaona."

Saidi akapiga kelele kutoka bandani kwake, "Mzee, usisahau kuitolea mahari!" Mtaa mzima ukacheka. Mzee hakucheka.

Jumamosi akaja na binti wa dada yake, kasuka nywele vizuri, cheti kipo kwenye mkoba. Wateja walikuwepo wanne kwenye benchi, mmoja mama wa makamo kama mie, karatasi yake kaifunga kwenye pindo la kanga. Mzee akasema, bila kuniangalia, "Bi Hawa, ile habari ya funguo."

Nikazitoa, nikaziweka mezani. Sikumpa mkononi. Nikasema: "Hizo hapo. Zichukue mwenyewe. Lakini zichukue mbele ya hawa, na uwaambie unanitoa kwa kosa gani. Waambie ni kwa sababu sitaki mambo yao yasomwe."

Yule mama wa benchi akaangalia kanga juu ya mashine, akaniangalia mie, akalikaza tena fundo la pindo lake, akasimama. "Kama ni hivyo, mie nakwenda kwingine." Na mwenzake naye akaanza kukusanya mfuko wake. Mzee akasema, "Kaeni, kaeni jamani, hakuna aliyefukuzwa." Yule binti wakati wote huo alikuwa ameinama anatafuta kitu kwenye mashine, anapapasa huku na huku. Akainua kichwa, maskini, akauliza: "Mjomba, hii disketi inatokea wapi? Tuliyosomea sie ilikuwa na kitufe. Huyu mama akiondoka nani atanionyesha?"

Mzee Mikidadi alishusha pumzi kama gurudumu lililotoboka. Akazisukuma funguo kwa kidole kimoja, zikaja upande wangu. "Jumatatu ufungue mapema. Huyu utamfundisha."

"Nitafungua, mzee. Na kanga itakuwepo."

"Si nimeshasema ufungue?"

Sikucheka, dada. Nilimwambia yule binti avute kiti, nikamkaribisha yule mama, nikashusha kanga wengine wasione, na jambo la kwanza nililomfundisha mwanangu yule ni hilo. Ana akili, ameshika mara moja. Jina lake Pili.

Sasa Kaka Bakari. Msomee yote, usiruke. Mwambie namheshimu kama baba, na shikamoo yake naituma kwa mikono miwili. Mwambie mvua zikikatika aje, nitamfurahia kweli, nitampikia pilau na nitampeleka dukani nimkalishe kwenye benchi aone dada yake anavyofanya kazi. Ila aje kama mgeni. Gunia aliache, au alete lina korosho.

Nisalimie mume wako, shemeji yangu asiyependa barua ndefu, mwambie hii haikuwa yake. Nisalimie wifi yetu mke wa Kaka, najua ananitetea chinichini, ajue kuwa najua. Wajukuu wabusu, na yule mdogo mwambie bibi yake wa mjini anatia kazi za watu kwenye pipa la taka na analipwa. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, kama bado anasomesha, mwombe aniombee dua.

Naenda kuanika kanga, mvua imekatika kidogo na kesho ina kazi.

Mdogo wako asiyerudi,
Mwanahawa