Kamati ya Kuchagua Seva

Mpendwa Shangazi Ntinyari, nakuja kwako nikiomba msaada kabla Ijumaa haijafika, kwa sababu Mama Ramila mwenye hoteli ya watalii hapa Nyeri amenipa kazi ya kumtengenezea tovuti ambamo mgeni wa ng'ambo ataulizia chumba na kujibiwa papo hapo, na hapo panahitajika programu ya seva ya kupokea swali na kutafuta jibu, nazo ziko mbili, moja ya kununua yenye kitabu kinene na mtu wa kupigiwa simu Nairobi, nyingine ya bure niliyojifunza kwa miezi minane, basi kwa kuogopa kukosea nikaita kamati kama ile ya arusi, mwenyekiti akiwa Mjomba Theuri aliyenilipia chuo, tukakutana Majengo kwa chai na mandazi, na mjomba akasema, “Ngatia, wachana na hiyo ya bure. Ati ikiharibika utauliza nani?” dadangu Kagure akamjibu, “Si atajiuliza mwenyewe, ndiye anaijua!” wakapiga kura, nne kwa nne, mimi sikupiga kwa kuwa nilikuwa nikiandika minutes za kikao, na sasa wameafikiana kura ya mwisho uipige wewe, na Mama Ramila ameshasema, “Ijumaa nisipoona inafanya kazi, natafuta mtu mwingine.”
Ngatia, Gatitu

Ngatia, keti hapo. Nimecheka mpaka chai ikanimwagikia, lakini kazi yako iko hatarini na wewe unaandika minutes! Kamati ya arusi huchagua hema, haichagui bibi.

Hiyo ya kununua umeigusa mara ngapi? Barua yako haisemi, nami najua sababu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Huu si wakati wa kuanza kusoma kitabu kinene.

Unamwogopa mjomba, na heshima ni jambo jema. Mpelekee majani ya chai kesho, mwambie ada aliyolipa ndiyo iliyokufundisha kuchagua. Tena swali lake ni la maana: andika kwenye daftari jinsi ya kuiwasha seva ikizimika, umwachie karani wa hoteli. Alhamisi, mkalishe Kagure kwenye kompyuta moja na wewe nyingine, muombe chumba kimoja kwa wakati mmoja. Mmoja wenu akiambiwa kimeshachukuliwa, nenda kwa Mama Ramila kifua mbele. Wote wawili mkikipata, rekebisha kwanza.

Na kura yangu? Kijana, mimi bado naandika kwa taipureta. Nakurudishia. Katika kamati nzima, anayeijua kazi ni mmoja, na ndiye peke yake ambaye hakupiga kura.