Chupa za Mawese

Kambi ya Dzaleka, 6 Mei 2024

Mwanangu Mbaraka,
Asalaam aleikum. Huku tuko salama, goti tu linanisumbua. Wewe je, afya? Uuguzi unakwendaje? Mawese yamefika kutoka Karonga lakini chupa za kuuzia sina. Ukiona chupa tupu chuoni, niokotee, umpe Épitace wa minibasi, huyu aliyekuletea barua. Simu yangu bado mbovu.
Mamako, Mauwa

Kawale, 13 Mei

Mama mpenzi,
Aleikum salaam. Mi mzima, pole kwa goti. Chupa hizi ishirini ni za wenzangu darasani. Wanakunywa vinywaji vya nguvu ili wasome bila kusinzia. Tarehe 14 Juni, Ijumaa, narudia mtihani wa kudunga sindano. Mara ya kwanza mkono ulikosa mshipa. Nikianguka tena, wananitoa chuoni. Niombee.
Mwanao, Mbaraka

Dzaleka, 20 Mei

Mwanangu,
Natumaini u mzima. Mimi mzima ila nimechefuka. Chupa zako zinanuka! Nimeziosha kwa majivu, kwa mchanga, kwa maji ya moto, na bado zinanuka peremende iliyooza. Mteja wangu Gloriose amenirudishia mafuta mbele ya watu: "Mama Mbaraka, mboga yangu yote ya sombe inanuka dawa ya batoto!" Moja ilikuwa na tone chini, la njano kama mkojo wa mgonjwa. Nikalionja. Nilitema mpaka mate yakaniishia. Hao wenzako wana mama kweli? Wanasomea kutibu watu, kisha wanajimiminia uchafu huo tumboni! Waambie wale ugali wa nsima, walale.
Mamako

Kawale, 27 Mei

Mama,
Salamu nyingi. Mi mzima kidogo. Wenzangu nimewaambia, wamecheka tu. Chupa ni thelathini na nne. Usishangae mwandiko, meza yangu inatikisika.
Mwanao

Dzaleka, 3 Juni

Mbaraka,
Salamu leo ni fupi. Nina vifuniko hamsini na vinne mapajani. Vyote vimetafunwa ukingoni, alama ya meno mawili na pengo katikati. Tangu utoto kalamu zako zote uliziguguna hivyo. Jino la pengo hilo lilivunjikia hapa bombani, na mi njo nilikufuta damu. Kwa hiyo wenzako wote njo wewe, wewe peke yako. Meza haina kosa. Mkono huo utamdunga nani? Nasikia kinyaa, na kinyaa kikubwa ni changu mwenyewe, niliyefurahi kuona mfuko umejaa. Sitaki chupa tena. Acha.
Mamako

Kawale, 9 Juni

Mama yangu,
Hujambo? Nisamehe, ni kweli. Zilikuwa tatu kwa siku, moyo unadunda nikiwa nimekaa tu. Nimeacha, wallahi. Mkono umetulia. Hizi kumi na moja ni za wenzangu kabisa, nimeona vibaya kuzitupa.
Mwanao

Dzaleka, 10 Juni

Mbaraka,
Chupa kumi na moja nimezipokea. Hakuna hata moja yenye kifuniko. Wewe uliyekulia kwenye mawese, tangu lini ukamletea muuza mafuta chupa isiyozibika?
Nimeshaomba kibali cha kutoka kambini. Kesho napanda na Épitace, na unga wa uji na mkeka wangu. Nitautandika mlangoni kwako mpaka Ijumaa ya mtihani, goti liume lisiume. Utakula, utalala, na hicho kinyesi cha dukani hakitapita juu yangu.
Vifuniko ulivyovitoa usivitupe. Nataka uvishike mbele yangu, nione alama ya meno yako.
Mamako