Suruali ya Sabato Iliyobaki Jikoni kwa Mama Mkwe

Kisii, Aprili 1974

Mpendwa Mama Mshauri,

Naomba unisaidie kabla likizo ya Aprili haijaisha, na mwandiko ukiyumba unisamehe, mtoto yuko mgongoni anarusha miguu.

Mume wangu Ratemo ni fundi wa nguo, anashona kwenye veranda ya duka la Gopal hapa mjini, ni mpole na nampenda, na kila Aprili shule zikifungwa tulikuwa tunapanda milimani kwa mama yangu, juu ya Magwagwa, watoto wanakula ndizi mpaka wanashindwa kutembea na mimi nalala, maana mama huninyang'anya watoto wote. Sasa sisi Wakisii tuna chinsoni, ile heshima ya kwamba mkwe haingii kwa mama mkwe wala hawashikani mkono, basi mwaka jana mvua ya mawe ilimkuta Ratemo njiani, mlango wa karibu ukawa wa jiko la mama, na kwa vile alidhani mama yuko nasi shambani tukichuma chai akaingia, akavua suruali yake ya Sabato, akaianika juu ya moto, akajifunga leso ya mama. Mama naye akaingia mbio na kikapu kichwani! Akapiga yowe, Ratemo akapiga yowe kubwa zaidi, akatokea mlango wa nyuma akakatiza shamba la chai na ile leso, mawe yanampiga, na kesho yake alfajiri akarudi mjini na suruali ya kaka yangu Mogire iliyomfika kwenye ugoko.

Hajaenda tena. Nikimwambia twende anasema, "Mama Nyasani, mama yako ameona magoti yangu. Sina uso." Suruali bado inaning'inia kule, imekuwa nyeusi kwa moshi, mama hathubutu kuigusa, anapika akiwa ameipa mgongo, na Mogire anasema, "Fundi aje mwenyewe, mimi si dobi." Mtoto wangu wa kwanza, Nyasani, analia, "Nyanya huniita bwana yake, mbona hatuendi kwa mke wangu?" Nikienda bila mume, majirani wa mama watasema nimefukuzwa. Na tangu hapo nimejifungua Kemuma, tuliyempa jina la marehemu mama yake mama, na mama hajampakata. Haya nimemsimulia Hemlata, mke wa Gopal, tukacheka mpaka machozi, lakini nyumbani sicheki. Nimechoka, Mama. Kubembeleza nimeacha, ila sitaki kumwaibisha. Nifanyeje?

Mama Nyasani

JIBU

Binti yangu, nimecheka, Mungu anisamehe, lakini mimi niko mbali. Wewe umecheka na mke wa mwenye duka, na mumeo anashona kwenye veranda ya duka hilo hilo! Unadhani akiinamia cherehani masikio yanalala? Magoti yake yalionwa na mtu mmoja tu. Mji mzima umeyasikia kwako. Mwombe radhi leo, na kwa Hemlata hadithi hiyo iishe.

Nawe Ratemo, hukuvunja heshima, mawe yalikusukuma. Asiye na haya angebaki pale akaomba chai. Na mama anayepika mwaka mzima akiipa suruali yako mgongo bado anakuheshimu, unataka nini zaidi?

Haya. Mna mtu asiyefungwa na chinsoni, naye ni Nyasani, maana nyanya na mjukuu ni watani. Ratemo anunue leso mpya, aipinde pindo kwa cherehani yake mwenyewe, Nyasani aipeleke jikoni kwa "mke wake", atoke na ile suruali kichwani, kijiji kimcheke yeye. Baba yake akae kwa Mogire kama mkwe anavyokaa, asalimie kwa mbali. Ile leso ya zamani mbebee Kemuma, imeshazoea mawe.

Mwondoke Jumapili hii. Akikataa, funga mizigo uende na watoto, na jirani akiuliza mwambie fundi ana kazi nyingi. Usikubali mwaka wa pili upite.

Ukifika, mpe mama yako mama yake, ulale. Na wingu likitanda, Ratemo avae suruali mbili.